Bosi Aliyeamia Mpunga

Sipendi kulala porini. Naliweka jambo hili mwanzo kabisa, maana kwa miaka yote niliyoongoza kambi za wageni huku Rufiji nililikana mbele ya kila aliyeniuliza: waajiri, wageni, mama mkwe, hata mpiga picha mmoja aliyeniegemeza kwenye hema kama mtu aliyezaliwa humo. "Pori ndiyo nyumba yangu," nilikuwa nikijibu, na kidevu nimekiinua. Uongo mtupu. Nyumba yangu ina kitanda cha mninga, feni, na choo ambacho mtu hahitaji kukiendea kwa tochi na dua.

Nyinyi vijana mnaojifunza uongozaji wageni pale Kibiti mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, sasa kwa kuwa magoti yangu yamenistaafisha kabla ya umri. Mwalimu wenu ameongeza kwamba niandike maneno ya kutia moyo. Nitajitahidi, ila msinitegemee sana upande huo.

Kazi yenyewe ni hii. Unamchukua mtu mwenye nyumba nzuri Dar es Salaam, unampeleka kando ya ziwa ambako hakuna umeme, bomba, kibao cha njia wala mtandao, unamlaza chini, kisha unamhakikishia kwamba hapo ndipo alipokuwa akipatafuta maisha yake yote. Mtu wa Maparoni au Mbwara anayeishi hivyo hivyo mwaka mzima anaitwa hajafikiwa na huduma. Mgeni wako anaitwa amekimbia kelele za dunia. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana gari la kumrudisha Jumapili. Ukishalielewa hilo bila kucheka mbele ya mgeni, umefuzu nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kujua mahali pa kusimika hema, na hapo ndipo shahada yangu ya jiografia iliponiangusha mapema kabisa.

Kambi yangu ya kwanza niliisimika kando ya ziwa moja la bondeni ambalo sitalitaja jina, lisije likapata wageni zaidi. Ni hifadhi ya kijiji: msitu upande mmoja, mashamba ya mpunga upande wa pili, na katikati maji yaliyotulia kama mchuzi uliopoa. Nilipata sehemu nzuri ajabu. Majani mafupi, laini, sawasawa kama uwanja wa mpira wa shule ya matajiri. Nikasimika mahema yote hapo na jiko la kambi likakaa katikati. Upande wa pili wa uwanja ule kulikuwa na dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho wakulima wa bondeni hulala msimu mzima wakiuamia mpunga, yaani kuulinda na ndege na wanyama. Ngazini alikaa mama mmoja mnene amevaa kanga mbili, anatafuna muhogo mbichi na kututazama jinsi watu wanavyotazama harusi ya jirani.

Alfajiri kiboko alitoka malishoni akarudi majini akipitia jikoni kwetu. Hakumgusa mtu. Alipita tu, kama mwenye nyumba anayepita sebuleni, akaondoka na turubai letu shingoni mpaka ziwani. Wageni wawili walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Kulipopambazuka yule mama alikuja taratibu.

"Habari za asubuhi, wageni. Mmelala?"

"Tutalalaje? Kiboko amepita!"

"Aa, huyo? Huyo hupita hapo kila siku. Kwani hayo majani mafupi mlidhani kafyeka nani? Halmashauri?"

"Sasa mama, kwa nini hukutuambia jana?"

"Ulikuwa umeshika ramani," alisema. "Mtu kashika ramani, mie nimwoneshe njia?"

Huyo ndiye Bi Mwanahawa. Akaniuliza kwetu wapi, nikasema Tabora, mimi ni Mnyamwezi. Uso ukamng'aa kama aliyeokota kitu. Sisi Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za safari za miguu, na mtani hana adabu kwa mtani wake wala hadaiwi. Tangu siku ile hakuniita tena kwa jina langu.

Sitaki mmfikirie kuwa bibi mwenye hekima wa kwenye vitabu vya shule. Bi Mwanahawa alikuwa na hakika ya kila kitu na alikosea karibu nusu yake. Aliwahi kuapa kwamba nguruwe pori huogopa redio, akaitundika redio kwenye mti katikati ya shamba. Nguruwe walikula mpunga pande zote za ule mti huku wakisikiliza taarifa ya habari. Kesho yake alisema kosa ni la stesheni.

Lakini yapo aliyopatia, na baadhi nawapa hapa kwa kuwa hayamo kwenye vitini vyenu. Maji ya ziwani msiyachote kwa kuinama na ndoo. Fungeni kata kwenye fimbo ndefu mchote mkiwa mbali, mamba naye anatafuta riziki. Moshi wa makumbi ya nazi hufukuza mbu kuliko dawa yoyote ya kupaka, ingawa utafukuza na wageni wenye pumu, kwa hiyo ulizeni kwanza. Kabla ya kutandika, tembezeni macho chini mkitafuta siafu. Mgeni aliyepandwa na siafu usiku hamjali tena ndege adimu. Na shimo la choo lichimbwe upande ambao upepo unaelekea, siyo unakotoka. Hili linaonekana jambo dogo mpaka saa ya chakula.

Kule delta ni habari nyingine. Mwaka mmoja nilipeleka kundi Maparoni, nikaona kisiwa cha mchanga mweupe, kikavu, kizuri kuliko picha. Nilishajifunza kuuliza, nikamuuliza mvuvi aliyekuwa akipita, "Hapa maji hufika?" Akajibu, "Hayafiki." Nikasimika. Nilisahau kuuliza, lini? Ilikuwa siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu. Siku chache baadaye bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, likaingia, nasi tukaamka magodoro yanaelea kama maandazi kwenye mafuta. Yule mvuvi alitupitia tena akatusalimia vizuri tu. Hakuwa amesema uongo. Kwa hiyo mkifika delta msiulize kama maji hufika. Ulizeni mwezi una siku ngapi.

Zamani tulikuwa na mahema ya turubai yaliyonuka kama mbuzi aliyelowa, na taa za chemli. Sasa kuna hema linalosimama lenyewe ukilirusha, taa za sola, na simu inayokuonesha ulipo mpaka mtini. Wageni nao wamebadilika. Wa zamani waliogopa simba. Wa sasa wanaogopa betri kuisha. Nimewahi kumpeleka mtu mbali kabisa na mtandao, kwa ombi lake mwenyewe na kwa machozi, akazunguka kichaka kizima ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Nilipomkumbusha alichokiomba, alisema alitaka tu kuwajulisha watu kwamba amejitenga nao.

Basi ndipo nifike kwa Kelvin.

Kelvin alikuwa bosi wangu wa mwisho. Aliirithi kampuni kutoka kwa mjomba wake akiwa bado kijana, mrefu, mwenye meno mazuri na mazoea ya kumwita kila mtu "mkuu," hadi mpishi. Hakuwa mtu mbaya, na nawaomba mlizingatie hilo, maana watu wabaya ni rahisi kuwakataa. Nilipolazwa kwa homa ya matumbo alikuja hospitali na chungwa analimenya mwenyewe. Ila alikuwa na ugonjwa wa kuona kitu kizuri na kutaka kukijengea paa.

Siku moja aliniita ofisini akanionesha michoro. Kando ya ziwa letu kulikuwa na vyumba vya zege vilivyoinuliwa kwenye nguzo, vyenye madirisha ya vioo, viyoyozi na jenereta lililofichwa nyuma ya vichaka vya kupandwa.

"Unaona, mkuu? Tumeyachukua madungu ya wenyeji, tukayaboresha. Mgeni analala dunguni, lakini kishua."

Kando ya ngazi ya chumba kimoja amechorwa mwanamke wa kanga, anatabasamu. Nikamuuliza ni nani.

"Huyo ni wa kuleta uhalisia."

Nilitazama tena mchoro, ziwa lilivyopinda, mkuyu ulivyokaa. Uhalisia wenyewe ulikuwa umesimama juu ya shamba la Bi Mwanahawa. Kelvin alikipenda kituta kile shamba lilipokaa kwa sababu kutoka pale unaona maji yote. Mama yake Bi Mwanahawa alikipenda kwa sababu mafuriko yakija hakizami. Bi Mwanahawa hakuwa na shamba jingine bondeni. Mpunga ule ndio uliomlisha yeye na wajukuu watatu aliokuwa akiwalea, na akiondolewa pale angekwenda kukaa kwa mdogo wake kule Mtawanya na kula kwa kuomba, yeye ambaye hata chumvi hakuwahi kuazima.

Ardhi ilikuwa ya kijiji, kwa hiyo lazima mkutano wa kijiji ukubali. Kelvin alikwishakwenda. Aliwaambia eneo linalohitajika ni la huyu bibi mmoja tu, na kwamba vijana watapata ajira. Wenye mashamba mengine ufukweni walisikiliza, wakajikuna, wakaona la mtu mmoja kwa faida ya wengi siyo neno. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Athumani, ndiye aliyependezwa kuliko wote. Bwana Athumani alikuwa mtu mzuri mwenye udhaifu wa kupenda kukaa karibu na jambo lolote linaloelekea kufanikiwa. Alilipenda neno "fursa" na alilitamka kama mtu anayeonja asali. Kulikuwa kumebaki mkutano wa mwisho, na watu walitaka Bi Mwanahawa mwenyewe aridhie, wasije wakaonekana wamemdhulumu.

Nikatumwa mimi nikamridhishe. Nilibeba sukari na majani ya chai, silaha za kila mjumbe mwoga.

"Na weye umetumwa, mtani?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Nimetumwa."

"Umesomeshwa chuo kikuu ili uje kunihamisha kwetu?"

"Nilisomeshwa jiografia."

"Basi kunywa chai uondoke, jiografia."

Nikanywa, nikaondoka. Kelvin aliposikia nimeshindwa alisema, "Wewe hujui kuongea na watu, mkuu," akaja mwenyewe, na Bwana Athumani ubavuni, na majirani wakafuata kwa kuwa mpunga ulikuwa bado haujaanza kuliwa na ndege na hawakuwa na la kufanya. Akapanda dunguni kwa Bi Mwanahawa, akakaa kwenye mkeka, akapigwa na upepo wa ziwani, akasema kosa la maisha yake:

"Bi mkubwa, mbona hapa pazuri hivi! Mimi ningekaa humu mwezi mzima bila shida."

Majirani wakacheka. Bi Mwanahawa hakucheka.

"Mwezi mwingi," alisema. "Wiki ijayo mpunga unaanza kujaza, ndege wanashuka. Njoo Ijumaa, ukae mpaka Ijumaa. Uamie weye mwenyewe. Mchana ndege, usiku nguruwe. Bila gari, bila jenereta, bila vyakula vyenu vya makopo. Ukiweza, kwa jina la marehemu mama yangu, navuna nikahama, na mkutanoni nitanyoosha mkono wa kwanza. Ukishindwa, usinitajie tena shamba hili."

Nilimvuta kanga. Akautoa mkono wangu.

"Mashahidi mmesikia?" Bwana Athumani aliuliza, macho yakimng'aa.

"Tumesikia!"

"Poa," alisema Kelvin. "Nimekubali."

Watu walipotawanyika nilimgeukia Bi Mwanahawa. "Mndengereko wewe, akili umeiacha wapi? Umecheza kamari na chakula cha wajukuu!"

"Kamari gani? Umemwona mikono? Kama ya mtoto wa siku arobaini. Huyo usiku wa pili analia."

Ndivyo na mimi nilivyodhani, na ndivyo kijiji kizima kilivyodhani.

Kelvin alikuja na godoro la kupuliza, miwani ya jua, na kifaa cha kutoa mlio wa mwewe ili kutisha ndege. Kambi yangu ilikuwa ng'ambo ya shamba na wageni wachache, kwa hiyo niliona yote. Kwelea kwelea waliposikia mlio wa mwewe walitulia kidogo, kisha wakaja kwa wingi zaidi, nadhani kutazama mwewe gani huyo asiyeondoka mahali pamoja. Kelvin akashuka kuwafukuza kwa miguu, akakosea ngazi, akafika chini kabla ngazi haijaisha. Godoro lilipasuliwa na mwiba. Jioni sauti ilikuwa imekwisha na alizungumza kwa ishara kama bubu wa sinema.

Bi Mwanahawa alikuwa akimletea chakula na kumtazama kwa huruma ya mshindi. "Kula, mwanangu. Kesho utakwenda zako."

Kesho hakwenda. Alikuwa amevimba, anachechemea, lakini hakwenda. Kelvin akilipania jambo anageuka punda mkaidi. Ilipofika Jumapili alikuwa amekitupa kifaa cha mwewe kwenye kapu na anajifunza kombeo. Bonge la kwanza la udongo lilimpiga Bwana Athumani aliyekuja kumjulia hali. La pili lilinikosa mimi. Jumatatu udongo ulianza kwenda unakotumwa. Kufikia Jumanne alikuwa amefunga kamba za makopo kutoka dunguni hadi pembe zote za shamba, na amelala kamba imefungwa kidoleni, nguruwe akigusa tu makopo yanalia naye yuko juu anapiga kelele:

"Oya! Oya wewe! Nimekuona! Leo utanitambua!"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama nami kwenye tuta asubuhi moja, tukimsikiliza akiwatukana ndege kwa matusi ya Dar es Salaam ambayo hatukuyajua yote.

"Anawatukana vizuri," alisema taratibu. "Mungu amsamehe. Hata mie sikuwa na matusi hayo."

Hapo ndipo nilipoona uso wake umebadilika. Majirani walikwishaanza kumwita Kelvin Bwana Mwamiaji. Wasichana walimpelekea mahindi ya kuchemsha. Ngozi yake ilikuwa imeungua, mikono imekuwa na sugu, na alikula kambale kwa vidole huku akinyonya mifupa. Lililo baya zaidi, alikuwa na furaha. Nilimwombea homa. Ndogo tu, ya kumrudisha mjini. Haikuja, homa huwajia wanaoihofia.

Alhamisi nilimkuta Bi Mwanahawa nyumbani kwake anafunga mikeka kwa ukindu.

"Unafanya nini?"

"Huoni? Nafunga."

"Futa kauli, mtani. Sema ulikuwa utani."

"Nimesema mbele za watu, na jina la marehemu mama nimelitaja. Kwani nyinyi Wanyamwezi kwenu mnafuta?"

"Kwetu tunafuta kila siku."

"Ndiyo maana mlibeba mizigo kichwani mkaja kututafuta Pwani." Alijaribu kucheka. Mkeka ukafunguka, akaufunga upya. "Lakini mpunga kaulinda. Sijapata kuuona umebaki mzima hivi. Mie mwenyewe husinzia." Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilimwona mikono tu. Sikumtazama kichwa."

Nilikaa naye tukafunga mikeka pamoja. Nilikuwa na kauli za kitaalamu za kumfariji, kuhusu haki za ardhi na ushirikishwaji wa jamii, na kila niliyoifikiria nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyeiandika kwenye kijitabu cha kampuni.

Mkienda leo kwenye ziwa lile hamtaona chumba hata kimoja cha zege. Mtaona mpunga, madungu, na kiboko akipita jikoni kwa wajinga wapya. Wapo wanaosema mradi ulikwama kwa sababu ya sheria, wapo wanaosema wanamazingira, na kampuni yenyewe huzungumzia hali ya soko. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa simu.

Ijumaa asubuhi Kelvin alishuka dunguni, ngazi yote, kidato kwa kidato, watu wakimsubiri chini. Wakampigia vigelegele hata wale waliomcheka. Bi Mwanahawa alisimama kando na mzigo wake wa mikeka, akasema kwa sauti kavu, "Hongera, mwanangu. Nimesema, na yamekuwa." Kelvin akamkumbatia. Naapa alikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli.

Kisha akataka kumjulisha mbia wake Dar es Salaam, aliyemchorea ile michoro.

Sasa, pale shambani mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kikubwa pembeni mwa mpunga, na hata hapo lazima uinue simu juu ya kichwa mkono umenyooka. Ukiishusha sikioni inakata. Kwa hiyo mtu huweka spika, anapiga kelele kuelekea mbinguni, na anajibiwa kutoka mbinguni. Wenyeji wanajua kwamba pale hupigi simu ya siri. Pale watu husalimiana, hutoa taarifa ya msiba, huomba sabuni, basi. Mambo ya ndani hupelekwa kwa miguu. Kelvin wiki nzima alikuwa akituma ujumbe wa maandishi tu, na hakuna aliyefikiria kumfundisha.

Alipanda kichuguu. Bwana Athumani akapanda naye, kwa ile kawaida yake ya kusimama karibu na mafanikio. Sisi wengine tukabaki chini, nyuso juu.

"Kaka!" alipiga kelele Kelvin, mkono umenyooka. "Nimemaliza! Wiki nzima!"

"Acha wee!" ilijibu simu, safi kabisa, kama mtu yuko mtini. "Na bibi?"

"Kakubali! Mbele za watu wote!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Athumani akapiga zaidi.

"Safi sana," ilisema sauti. "Kigingi kilikuwa huyo bibi. Hao wengine wa mpunga waliobaki hapo ufukweni ni wepesi, mmoja akitoka wanatoka wote. Msimu ujao tunasafisha mpaka kule mwisho."

Makofi yalikoma moja moja, kama mvua inayokatika.

"Kaka, ngoja," alisema Kelvin, na akafanya anachofanya kila mtu mwenye aibu, akaishusha simu. Lakini kabla haijafika sikioni, Bwana Athumani, ambaye ni mrefu kumshinda, aliitwaa mkononi mwake kwa upole kabisa, akainyanyua juu zaidi ya pale ilipokuwa.

"Assalaam alaykum," alisema.

"Waalaykum salaam. Nani mwenzangu?"

"Ni mmoja wa hao wa mpunga. Nauliza tu, ndugu. Hilo la kusafisha mpaka mwisho, mwenyekiti wetu analijua?"

Simu ikacheka. Kicheko kizuri tu, cha mtu aliyeshiba. "Mwenyekiti wenu? Mzee, yule ukimwekea kiti cha mbele hana tatizo. Shamba lake mwenyewe liko hapo hapo mwishoni, na bado anatupigia makofi."

Nilimtazama Kelvin. Alikuwa amekitazama kile kichuguu miguuni pake kama anayetafuta tundu la mchwa la kuingilia.

"Mwenyekiti ndiye mimi," alisema Bwana Athumani. Aliendelea kuishika simu juu, wima, ili isikate.

Ndege walikuwa wakitua kwenye mpunga na hakuna aliyewarushia hata tonge la udongo.

"Haloo?" ilisema simu. "Haloo? Kelvin? Mtandao umekata?"

Bi Mwanahawa ndiye aliyetua mzigo wake wa mikeka chini, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akainua uso kuelekea kichuguuni.

"Haujakata, baba," alisema kwa sauti. "Tunakusikia wote."